Jinsi ya Kubadilisha Kioo cha Dirisha la Pembeni la Nyuma Kwenye SUV ya Kifahari ya Umeme

Gari la umeme halina mngurumo wa kumfichia fundi makosa yake. Kwenye gari la dizeli, raba ya kioo iliyokaa upande inaweza kupiga mluzi mwaka mzima na mwenye gari asijue. Kwenye SUV ya umeme utausikia mluzi huo safari ya kwanza, mara tu mwendo unapopanda. Ndiyo maana kazi hii, ambayo kwa maneno ni kutoa kilichovunjika na kutia kipya, humchukua mtu makini nusu siku. Kukitia kioo chenyewe ni dakika chache tu. Muda wote uliobaki unaliwa na kusafisha, kupima na kusawazisha, na hapo ndipo wenye haraka wanapoharibu.

Nitaeleza kazi mbili. Ya kwanza ni kioo cha mlango wa nyuma kinachopanda na kushuka. Ya pili ni kile kioo kisichofunguka kilichogandishwa kwenye bodi nyuma ya mlango, ambacho mafundi wengi hukiita kota glasi. Ya kwanza mtu mwenye mkono mzuri na subira anaiweza nyumbani. Ya pili nitaieleza ili ujue fundi anatakiwa kufanya nini, maana mimi mwenyewe singependa kuona mtu akijifunzia hapo.

Saa ya kwanza baada ya kuvunjika

Piga picha kabla hujagusa kitu: nje, ndani, na karibu kabisa na sehemu iliyovunjika. Kampuni ya bima itazitaka, na wewe utazihitaji kukumbuka raba ilikaaje.

Usibonyeze swichi ya kioo. Vipande vilivyobaki kwenye mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, vitaburutwa ndani ya reli, na mota itasukuma hadi ijikate yenyewe au iharibu kebo. Usibamize mlango pia.

Vipande vilivyong'ang'ania kwenye fremu vibandike tepu kwanza, kisha uvigonge kutoka ndani kwenda nje, vianguke chini badala ya kwenye kiti. Halafu chukua nailoni nene, uitandaze nje ya mlango, ukunje ukingo wake wa juu uingie ndani ya fremu, na ufunge mlango taratibu ili uubane. Maji ya mvua yatateleza nje. Kama mlango hauna fremu juu, itabidi ubandike nailoni kwenye paa. Tumia tepu ya wapaka rangi, ile inayobanduka bila kuacha gundi; tepu kali ikikaa juani siku mbili inaweza kuondoka na koti la juu la rangi.

Kama kioo kimepasuka lakini hakijaanguka, una bahati ya aina fulani. Kibandike tepu pande zote mbili, usikishushe, na utakuwa na muda wa kutafuta kipuri bila kuhangaika.

Ujue unanunua kioo gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu huagiza kwa jina la gari na mwaka tu. Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yanaweza kuwa na vioo tofauti vya nyuma kutegemea kifurushi alichochagua mnunuzi wa kwanza.

Kuna kioo cha tempa na kuna kioo cha tabaka. Cha tempa hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa inayopulizwa kwa kasi. Uso wake hubaki umejibana na ndani yake umevutika. Ndiyo sababu kikipasuka husambaratika chote kwa mara moja kuwa punje ndogo. Cha tabaka ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, kwa kawaida wenye unene wa milimita 0.76 hivi. Kikipigwa huchanika kama utando wa buibui lakini hubaki mahali pake. Kioo cha kuzuia kelele ni cha tabaka pia, ila utando wake una kiini laini kinachomeza mtetemo. Watengenezaji wa magari ya umeme ya kifahari wanakipenda, kwa kuwa bila injini masikio yanabaki na upepo na matairi tu.

Nikiwa hapo hapo: nyundo ya dharura ya kuvunjia kioo haivunji kioo cha tabaka kama inavyovunja cha tempa. Kama unaibeba ndani ya gari, jua ni dirisha lipi itafanya kazi.

Kioo chenyewe kinajieleza. Angalia nembo iliyochapwa kwenye kona yake. Herufi E ndani ya duara pamoja na nambari inaonyesha nchi iliyotoa idhini: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Maandishi 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Ukiona alama ya Kirumi V, kioo hicho kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, yaani ni cheusi tangu kiwandani. Kwa mfumo wa Marekani, AS2 hupitisha asilimia 70 au zaidi na AS3 ni kile cheusi. Mara nyingi pia kumeandikwa moja kwa moja kama ni cha tabaka au cha tempa, na baadhi ya watengenezaji huweka picha ya sikio kwenye kile cha kuzuia kelele.

Utasema kioo chako kimekwisha kuwa punje, utasoma nini? Soma cha mlango wa pili wa nyuma, pacha wake. Ukishindwa kusoma nembo, angalia ukingo wa juu kioo kikiwa kimeshushwa kidogo: cha tabaka kinaonyesha mstari mwembamba katikati kama mkate uliopakwa siagi.

Mpe muuzaji nambari kamili ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, kisha umuulize mambo manne: rangi, aina, antena, na pazia. Weusi wa kiwandani uko ndani ya kioo chenyewe; ukinunua cheupe ukakibandika tinti, kivuli chake hakitafanana na jirani yake hata ukijitahidi vipi. Pazia la jua la kuvuta, lililo kwenye milango ya nyuma ya magari mengi ya daraja hili, linabadilisha namna ya kufungua kava la mlango. Na kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele. Usicheke. Vioo hurudishwa madukani kwa kosa hilo.

Ukiagiza kioo, agiza na klipu mpya za kava, raba ya ukingoni inayofuta kioo kama ya zamani imekatwa na vipande, na boliti zozote ambazo kitabu cha fundi kinasema hutumika mara moja. Na usikubali cha tempa mahali palipokuwa na cha kuzuia kelele kwa sababu tu ni rahisi kupatikana. Unene unaweza usilingane, makoleo ya mashine (taya zinazokibana kioo) yasikishike sawasawa, na upande mmoja wa gari utakuwa na kelele kuliko mwingine. Abiria wa nyuma ndiye atakayekwambia.

Umeme: cha kuogopa na cha kutoogopa

Mlango wa nyuma hautumii umeme mkubwa wa gari. Mota ya kioo, kitasa, spika na taa za urembo huendeshwa na mfumo mdogo, kwa kawaida wa volti 12. Betri kubwa, ambayo kwenye Jaguar I-PACE ni ya daraja la volti 400 na kwenye Porsche Macan ya umeme ni ya volti 800, iko chini ya sakafu na nyaya zake zina rangi ya chungwa. Rangi hiyo imewekwa na kanuni ya Umoja wa Mataifa R100. Sheria yako iwe fupi: ukiona waya wa chungwa, mkono unarudi nyuma.

Ndani ya mlango hutauona. Kwenye kota unaweza kuuona. BMW iX na Mercedes-Benz EQS SUV zina tundu la kuchajia upande wa nyuma kulia, Tesla Model X nyuma kushoto. Kwa hiyo ukifungua kava la ndani upande huo, fahamu kwamba waya wa kuchajia unapita karibu.

Hatari ya kawaida zaidi ni gari kuwa limewaka bila wewe kujua. Halitoi sauti. Weka gia kwenye P, chomoa chaja, zima, na upeleke ufunguo mbali na gari, pamoja na simu kama nayo ni ufunguo.

Waya hasi wa betri ya volti 12 utaukata, lakini si mara moja. Kwanza utahitaji umeme kidogo wa kuiweka mashine ya kioo mahali unapofikia boliti zake, nitakueleza hapo mbele. Utakapokuwa tayari kukata, acha gari lilale dakika kadhaa, kwa sababu betri kubwa inaweza kuwa bado inaichaji ile ndogo. Kisha acha boneti wazi na mlango unaoufanyia kazi wazi. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: boneti na vitasa vya magari haya mara nyingi hufunguliwa kwa umeme. Ukikata betri iliyo chini ya boneti halafu boneti ikajifunga, utakuwa umejifungia ufunguo ndani ya sanduku lake. Fuata mfuatano wa kitabu cha gari lako, maana baadhi ya magari yana kiunganishi cha usalama kinachotangulia kukatwa.

Viunganishi vya rangi ya manjano ni vya eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria. Usivichomoe wala kuvirudisha betri ikiwa imeunganishwa.

Kufungua mlango

Andaa kwanza mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba, glavu zisizokatika kirahisi, miwani, vipande vya plastiki vya kubandulia kava, bisibisi na soketi za nyota kuanzia T20 hadi T30, soketi ya milimita 10, tepu ya wapaka rangi, vikombe viwili vya kunyonya kioo, spana ya kupimia nguvu, maji ya sabuni na spirit safi. Bisibisi ya chuma usiitumie kubandua plastiki. Alama yake haifutiki.

Kabla ya skrubu ya kwanza, fyonza. Kiti, zulia, mifuko ya mlango, kila kilicho wazi. Ukianza kufungua kava na punje zimejaa juu yake, zitaangukia kwenye reli za kiti na kwenye kifungio cha mkanda, na kifungio kilichoingia punje kinaweza kukataa kushika siku ambayo hutaki kikatae.

Skrubu za kava zimefichwa. Tafuta chini ya kifuniko cha mahali pa kuegemeza mkono, nyuma ya kitasa cha ndani, na chini ya taa ndogo ya ukingo wa mlango. Zikishatoka zote, ingiza plastiki ya kubandulia kwenye kona ya chini na ufuate klipu moja moja kuelekea juu. Kava halivutwi nje moja kwa moja: klipu zikishaachia, linainuliwa juu litoke kwenye ukingo wa dirisha. Lishike kwa mkono mmoja, kwa sababu bado limeunganishwa na waya za swichi, taa na spika, na pengine kebo ya kitasa. Chomoa kila kiunganishi, isipokuwa cha manjano, kwa kubonyeza ulimi wake. Piga picha ya kila kimoja.

Nyuma ya kava utakuta utando wa povu uliogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata, au bamba zima la plastiki lililobeba mashine ya kioo. Utando huo una kazi mbili. Unazuia maji yanayoshuka ndani ya mlango yasiingie chumbani. Pia, kwenye baadhi ya milango kuna sensa inayopima shinikizo la hewa ndani ya mlango ili ijue gari limegongwa ubavuni, nayo inategemea mlango uliozibwa vizuri. Kwa hiyo usiupasue. Pasha gundi moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kata taratibu kwa wembe, na usiiguse kwa vidole. Ikishashika mafuta ya ngozi au vumbi haitashika tena.

Sasa, kwa swichi ya upande wa dereva, huku mtu mwingine akiangalia ndani ya mlango kwa tochi na mikono yake ikiwa mbali, sogeza mashine kwa mibonyezo mifupi hadi boliti za makoleo ya kioo zionekane kwenye matundu ya kufikia. Hapo ndipo unakata betri.

Kusafisha

Nimeipa sehemu hii kichwa chake kwa sababu ndiyo inayorukwa. Niliwahi kuona kioo kipya kikiwa na mkwaruzo wa urefu wote, kutoka chini hadi juu, siku ya pili baada ya kufungwa. Punje moja ilikuwa imebaki kwenye raba ya reli. Moja tu.

Toa raba za ukingoni, ya nje na ya ndani, zile zinazofuta kioo kinapopanda. Toa raba ya reli kutoka kwenye fremu, uikung'ute, uipitishie kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha uipapase kwa kidole chenye glavu kwa urefu wake wote. Fyonza ndani ya mlango hadi chini kabisa. Pale chini kuna matundu ya kutolea maji. Yachokonoe kwa kijiti, kwani punje zikiyaziba maji yatakaa ndani ya mlango na utayasikia yakicheza kila unapofunga breki. Makoleo ya mashine yafungue na utoe vipande vilivyobaki katikati ya taya zake pamoja na mpira wake, uone kama mpira bado ni mzima.

Ukimaliza, pigapiga mlango kwa kiganja ukiwa bado wazi, kisha ufyonze tena. Utashangaa kinachoshuka.

Kama kioo kilichovunjika ni cha tabaka, usafi ni mdogo lakini kutoa ni kazi zaidi, kwa sababu kinatoka kama shuka lililolowa. Kibandike tepu, legeza makoleo, kitoe kwa juu ukiwa na mtu wa pili.

Kutia kioo kipya

Kwenye milango mingi ya nyuma kioo kikubwa hakitoki wala kuingia hadi utoe nguzo nyembamba iliyosimama kati yake na kile kioo kidogo cha pembe. Nguzo hiyo hushikwa na skrubu moja juu na boliti moja au mbili chini. Ilegeze, isogeze, nafasi itapatikana.

Linganisha kioo kipya na pacha wake kabla hakijaingia: umbo, matundu, rangi, nembo. Kifute kwa spirit. Kishike kwa vikombe vya kunyonya na ukilinde ukingo kuliko unavyoulinda uso. Kioo cha tempa kinavumilia kofi usoni, ila mgongano mdogo wa ukingo na chuma unaweza kukisambaratisha mikononi mwako. Cha tabaka kikimeguka ukingoni huanzisha ufa utakaotembea wiki ijayo.

Kiinamishe, tanguliza kona ya nyuma au ya mbele kulingana na umbo la mlango, kishushe kati ya ukingo wa nje na wa ndani, kisha kinyooshe kiingie kwenye reli. Lowesha raba kwa maji ya sabuni, si mafuta. Mafuta hulainisha leo na huozesha raba kesho. Kikae ndani ya makoleo hadi mwisho, rudisha nguzo, kaza boliti kwa vidole tu. Usikaze kabisa bado.

Kusawazisha

Kama mlango una fremu juu, kazi hii ni fupi. Unganisha betri, pandisha kioo taratibu hadi kiingie kwenye raba ya juu, hakikisha kimeingia sawa mbele na nyuma, kaza makoleo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Nguvu hiyo ni ndogo. Anayekaza kwa hasira hupasua kioo.

Milango isiyo na fremu, kama ya BMW iX au Lotus Eletre, ni hadithi nyingine. Pale kioo chenyewe ndicho kinachoziba, kikijiegemeza kwenye raba ya paa. Kina mielekeo mitatu ya kurekebishwa: urefu, mbele na nyuma, na mwinamo wa kuingia ndani. Mwinamo ndio unaosumbua. Ukiwa mdogo mno, upepo hukivuta kioo nje mwendo ukipanda na mluzi huanza. Ukizidi, mlango unakuwa mgumu kufunga na raba inachakaa upesi. Kabla hujalegeza chochote, pima upande ambao haukuvunjika: umbali kati ya kioo na ukingo wa paa mbele, katikati na nyuma, na kimo cha ukingo wake juu ya raba. Nakili vipimo hivyo upande uliovunjika. Sogeza skrubu za kurekebishia robo mzunguko kwa mara moja, ukijaribu kila baada ya hapo.

Jaribio la karatasi halijashindwa na kifaa chochote cha bei kubwa. Weka kipande cha karatasi kati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Karatasi itoke kwa ugumu unaolingana kila mahali. Ikitoka kama ulimi kwenye kona moja, hapo ndipo mluzi wako ulipo.

Sasa mota inatakiwa kufundishwa upya mwisho wake wa juu na wa chini. Bila hivyo, kinga ya kutobana vidole haitafanya kazi sawasawa, kioo kinaweza kufika juu na kurudi chenyewe, na kwenye mlango usio na fremu hakitashuka ule upana wa kidole wa kutoka kwenye raba ya paa unapovuta kitasa. Magari mengi hukubali utaratibu huu: shusha hadi chini ushikilie swichi sekunde chache, pandisha hadi juu ushikilie tena. Mengine hutaka kompyuta ya uchunguzi, au menyu ya ufundi kwenye skrini ya gari. Ukimaliza, jaribu kinga hiyo kwa bomba la karatasi la taulo za jikoni likiwa limesimamishwa njiani. Si kwa mkono. Kioo kikiligusa kinatakiwa kusimama na kurudi chini.

Kamera na rada kwa kawaida hazihitaji kupimwa upya kwa ajili ya kioo cha pembeni, tofauti na kioo cha mbele, isipokuwa kama ulitoa sensa yoyote kutoka mahali pake.

Kabla kava halijarudi

Usirudishe kava kwa furaha. Gandisha utando wa povu, ubonyeze ukingo wote, kisha mwagilia mlango kwa bomba lenye maji ya nguvu ndogo, ukianza chini na kupanda juu. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Mtu akae ndani na tochi. Maji kidogo ndani ya mlango ni ya kawaida na yatoke kwa matundu ya chini. Maji upande wa chumba wa utando si ya kawaida.

Kwa hewa kuna mbinu ninayoipenda zaidi. Funga madirisha yote, weka feni ya gari kwenye hewa ya nje kwa nguvu ya juu, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye ukingo wa kioo kwa nje. Panapovuja patatoa mapovu. Kama bado unasikia mluzi barabarani, bandika tepu ukingo mmoja baada ya mwingine, uendeshe kila mara. Ukingo ambao tepu yake inanyamazisha mluzi ndio wenye kosa.

Kava likirudi, badilisha klipu zilizovunjika, zote. Klipu moja iliyokosekana hutoa mlio mdogo wa plastiki kwenye barabara mbovu, na kwenye gari la kimya mlio huo utakukosesha usingizi.

Kota glasi

Kioo hiki kimegandishwa kwa gundi ya yurethani, na juu yake, nyuma ya kava la nguzo, ndipo inapopita eabegi ya pazia, ile inayofunika madirisha ya ubavuni gari likigongwa. Betri ya volti 12 ikatwe na kusubiriwa muda ulioandikwa kwenye kitabu kabla kava la nguzo halijaguswa.

Fundi mzuri hukata gundi kwa waya au uzi maalumu, huku rangi ya pembeni ikiwa imefunikwa tepu. Kisu kirefu kinakwaruza. Kwenye chuma mkwaruzo unaleta kutu. Kwenye bodi ya alumini, kama ya Jaguar I-PACE, unaleta ulikaji wa aina yake ambao hujificha chini ya rangi. BMW iX ina nyuzi za kaboni kwenye fremu ya ubavuni, na hizo nazo hazitaki kisu.

Gundi ya zamani haitolewi yote. Inabakizwa milimita moja au mbili, iliyokatwa upya na kuwa bapa, kwa sababu gundi mpya hushikamana vizuri zaidi na yurethani iliyokatwa sasa hivi kuliko na rangi. Isiguswe na mkono. Palipokwaruzika hupakwa praima, yaani rangi ya awali, na kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Kisha kioo hujaribiwa kikavu: kinawekwa mahali pake, tepu zinabandikwa kutoka kwenye kioo hadi kwenye bodi, zinakatwa katikati, na kioo kinatolewa. Baadaye vipande vya tepu vikikutana, kioo kiko pale pale. Kama kina antena ndani yake, na vingi vinazo, viunganishi vyake vikaguliwe kabla ya gundi, si baada.

Uliza gundi gani inatumika. Kwa kioo chenye antena, au bodi ya alumini au kaboni, inatakiwa ile isiyopitisha umeme kwa urahisi. Ya kawaida ina masizi ya kaboni yanayoweza kuvuruga mawimbi ya redio na kuchochea ulikaji. Soma pia tarehe ya mwisho kwenye mrija. Gundi hutolewa kwa mdomo uliokatwa umbo la V ili mstari wake usimame kama pembetatu, mzunguko mmoja usiokatika, na kioo hukandamizwa mahali pake kabla uso wa gundi haujaanza kukauka.

Yurethani hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hali ya ukavu na baridi huichelewesha. Muda wa kuanza kuendesha gari uko kwenye mrija na haupunguzwi kwa sababu una miadi. Dirisha moja liachwe wazi kidogo siku hiyo: gari likifungwa lote, kila mlango unaobamizwa husukuma hewa na kukitoa kioo kwenye gundi laini. Mlango wa buti unaojifunga kwa mota hufanya vivyo hivyo, usiusahau. Tepu zikae siku nzima, na mashine ya kuoshea ya maji ya nguvu isubiri siku kadhaa.

Ukilichukua gari, washa redio kabla hujaondoka, tazama mstari wa nafasi kuzunguka kioo ulinganishe na upande wa pili, na unuse ndani. Harufu ya gundi ni ya kawaida siku ya kwanza. Zulia lenye unyevu baada ya mvua ya kwanza si la kawaida, hata kidogo, kwa sababu chini ya zulia la gari hizi kuna viunganishi vingi vya umeme. Rudi siku hiyo hiyo, ukiwa na zile picha ulizopiga mwanzo.